Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi: Nani Anapokelewa, Anasoma Nini, Anatoka na Cheti Gani

Kila matokeo ya darasa la saba na ya kidato cha nne yanapotoka, simu za studio yetu hujaa swali moja: mtoto hakuchaguliwa, sasa aende wapi? Wengine ni mabinti walioacha shule baada ya kupata ujauzito, na wengine ni mafundi wa miaka mingi wasio na karatasi yoyote ya kuonyesha. Jibu moja linalosahaulika ni Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, ambacho wengi tunakiita FDC.

Vilitoka wapi

Vyuo hivi vilianza mwaka 1975, wakati wa Mwalimu Julius Nyerere, kwa msaada wa Sweden. Mfano wake ni vyuo vya wananchi vya nchi za Skandinavia, ambako chuo cha kwanza cha aina hiyo kilifunguliwa Rødding, Denmark, mwaka 1844, ili watoto wa wakulima nao wapate elimu. Hapa kwetu, mwanzoni kijiji ndicho kilichomchagua mtu wa kwenda kusoma. Alitarajiwa kurudi na ujuzi na kuutumia palepale kijijini.

Leo vyuo vya serikali vya aina hii ni 54 nchi nzima, na viko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Mkoa wa Singida una Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Singida na kile cha Msingi, wilayani Mkalama.

Kozi fupi

Kozi fupi huchukua wiki kadhaa hadi miezi michache. Anayejua kusoma na kuandika anaweza kupokelewa, awe na umri mkubwa au mdogo. Hapa ndipo mtu hujifunza ushonaji, upishi, ufugaji wa kuku, kusindika mazao au matumizi ya kompyuta, kutegemea chuo kina walimu na vifaa gani.

Kwa mkoa unaolima alizeti na vitunguu, unaorina asali na kuuza kuku wa kienyeji hadi Dar es Salaam, kozi ya namna hii inaweza kumwongezea mtu kipato bila kuhama nyumbani. Lakini elewa jambo moja: mara nyingi cheti cha kozi fupi kinaonyesha kwamba ulihudhuria. Hakilingani na cheti cha ufundi stadi cha ngazi ya taifa.

Kozi ndefu za ufundi stadi

Anayetaka ajira ya ufundi, au anayetaka kuendelea na masomo ya ufundi baadaye, aulize kozi ndefu. Fani zinazopatikana katika vyuo vingi ni uashi, useremala, umeme wa majumbani, uchomeleaji, ufundi magari, ushonaji, na kilimo na mifugo. Cheti cha ufundi stadi kina ngazi tatu, na unapanda moja baada ya nyingine. Aliyemaliza darasa la saba anaweza kuanza ngazi ya kwanza. Ngazi hizo ndizo hizo zinazotolewa katika vyuo vya VETA, hivyo aliyeanza sehemu moja anaweza kuendelea kwingine.

Kozi ndefu nyingi huanza Januari, na nafasi hutangazwa miezi kadhaa kabla. Mzazi anayeanza kuulizia Januari yenyewe huwa amechelewa.

Sekondari kwa njia nyingine

Watu wengi hawajui kwamba chuoni unaweza pia kusoma masomo ya sekondari. Utaratibu ni huu. Mwaka wa kwanza unasoma masomo ya kidato cha kwanza na cha pili, kisha unafanya Mtihani wa Maarifa, ambao wengi wanaujua kwa jina la QT. Ukifaulu, unasoma masomo ya kidato cha tatu na cha nne, kisha unafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mitihani yote miwili inasimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na cheti cha kidato cha nne unachopata kina hadhi ileile.

Njia hii ni ya haraka, kwa hiyo ni ngumu. Masomo ya miaka minne yanasomwa kwa miwili. Anayefikiri ni njia ya mkato atashindwa katika QT.

Mabinti wenye watoto

Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, kurudi katika shule za kawaida. Hata hivyo, si kila binti anataka kukaa tena darasani na watoto aliowazidi umri, na si kila bibi ana nafasi ya kulea mjukuu kutwa.

Kwa ajili yao kuna mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa na vyuo hivi kwa kushirikiana na shirika la Karibu Tanzania Organization. Binti anasoma sekondari pamoja na ufundi, ujasiriamali na stadi za maisha, na vyuo vimeanzisha vituo vya malezi ambako mtoto anatunzwa wakati mama yake yuko darasani. Mzazi ambaye binti yake yuko nyumbani kwa sababu hiyo, asione kwamba mambo yamekwisha.

Fundi aliyejifunzia mtaani

Kama umejenga nyumba au kuchomelea mageti kwa miaka, huna haja ya kuanza upya. VETA ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa kwa vitendo, unaongezewa pale penye upungufu, kisha unapewa cheti. Ulizia katika chuo cha VETA kilicho karibu nawe. Cheti hicho kinasaidia unapoomba kazi kwa mkandarasi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Uwe unaenda chuo cha serikali au cha mtu binafsi, uliza haya:

- Je, chuo kimesajiliwa na NACTVET, na fani hii imeidhinishwa?
- Nikimaliza napata cheti cha kuhudhuria au cha ngazi ya ufundi stadi?
- Ada ni kiasi gani, na inalipwa kwa awamu ngapi?
- Sare, vifaa vya kazi, chakula na ada ya mtihani vimo ndani ya ada au ni nje?
- Bweni lipo? Kama halipo, wanafunzi wanapanga wapi?
- Karakana ina vifaa vya kufanyia kazi, au tutasoma kwa kuangalia tu?

Omba kuiona karakana kwa macho yako. Malipo yafanyike kwa namba ya kumbukumbu ya chuo na upewe risiti. Usimtumie mtu fedha kwenye simu yake kwa ahadi ya kutafutiwa nafasi.

Kama chuo kiko mbali na nauli ni shida, anza na afisa maendeleo ya jamii au afisa elimu wa kata yako. Hao wanaweza kukueleza nafasi zilizotangazwa na kukuunganisha na chuo kabla hujafunga safari.