Nani ana ufunguo wa ruta yako?

Nilikuwa Nyamira kwa mama, nikimfungia Wi-Fi. Akaniuliza, "Ukirudi Kisii, nani ataiangalia?" Swali hilo lina historia.

Mwaka 2002 Linksys walitoa WRT54G, kile kisanduku cheusi na buluu. Mwaka uliofuata watu wakagundua ndani yake mna Linux, ambayo leseni yake inadai msimbo utolewe. Ukatolewa, na 2004 OpenWrt ikaanza. Ruta ikawa kompyuta yako, uitawale utakavyo.

Juni 2012 mambo yakageuka. Cisco, wenye Linksys wakati huo, walituma sasisho kwenye baadhi ya ruta: ukitaka kubadili mipangilio ya kifaa kilicho mezani kwako, fungua kwanza akaunti kwenye wingu lao. (Mimi ningeirudisha dukani!) Watu wakawaka, Cisco wakalegeza. Wingu lenyewe halikuondoka. Desemba 2023 baadhi ya wateja wa Ubiquiti walijikuta wakiona picha za kamera za wenzao.

Lakini Ubiquiti hao hao hutoa programu ya UniFi unayoweza kuiweka kwenye mashine yako mwenyewe. Yangu iko kwenye kompyuta kuukuu hapa Kisii, na vifaa vya Nyamira huripoti kwake. Mei 2024, nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilipokatika na intaneti ya nje ikazorota, Kisii na Nyamira ziliendelea kuongea bila kutoka Kenya.

Nywila nimeiandika kwenye karatasi. Mama ameiweka kabatini, pamoja na risiti zake za majani chai.