Nyota Zilizomezwa

Nyota na reli kwenye simu ni wageni. Simu ya vitufe ilipoanza kutumika Marekani mwaka 1963 ilikuwa na vitufe kumi tu. Viwili vya ubavuni mwa sifuri viliongezwa na kampuni ya Bell mwaka 1968, na kwa muda mrefu mtu wa kawaida hakuwa na cha kuvifanyia. Kazi tumevipa sisi. Wakenya walipoanza M-Pesa mwaka 2007, menyu ilikaa ndani ya laini. Vodacom ilipoileta Tanzania mwaka 2008, mlango ukawa *150*00#. Mitandao mingine nayo ina milango ya namna hiyo, *150*60# na *150*88#. Nina steshenari na uwakala chumba kimoja hapa Manchira, na mpaka kesho namsikia bibi mwenye kitochi akiimba: nyota mia hamsini nyota sifuri sifuri reli. Hakosei.

Kumbe nyota ilishapata mwajiri mwingine. Waandishi wa barua pepe, wasio na herufi nene wala za mlalo, walizoea kulifunga neno kwa nyota mbili ili kulikazia. Mwaka 2004 John Gruber aliigeuza desturi hiyo kuwa kanuni na kuiita Markdown: kilicho kati ya nyota kinalazwa, nyota zenyewe zinafutwa.

Waajiri hao wawili wamekutana dukani kwangu. Kijana wa kikoba alileta faili la maelezo ya kulipa hisa kwa simu, lililoandikwa kwa kanuni hiyo. Ndani ya faili namba ilikuwa sahihi. Kwenye karatasi ikatoka 15000#, tarakimu tatu za mwanzo zimelala. Mama mmoja akauliza kama hiyo ndiyo ada mpya. Sikumshangaa, maana ni bei ya kuku.

Dawa ni mkwaju unaolalia nyuma: andika \*150\*00# na nyota zitabaki nyota. Mkwaju huo haukuletwa kwa ulinzi. Bob Bemer wa IBM aliupigania mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili wanahesabu wa kompyuta waandike "na" kama /\ na "au" kama \/. Hilo halikudumu. Ninalolipenda zaidi ni hili: katika lugha ya B, aliyoitunga Ken Thompson kwenye maabara za Bell karibu na mwaka 1969, alama ya kuibadilishia herufi maana ilikuwa nyota yenyewe. Mstari mpya uliandikwa *n. Dennis Ritchie alipoikuza B kuwa C ndipo ukawa \n, na nyota ikavuliwa cheo.

Mpwa wangu anayesomea kompyuta alitaka sheria hiyo ionekane kwenye karatasi kama ilivyo, na mkwaju wake. Basi mkwaju nao unahitaji mlinzi wake, na nyota bado inahitaji wa kwake. Ili mchapo utoe \*, faili linaandikwa \\\*.