Silika ya Malezi

Silika ya malezi ni tabia ya kuzaliwa nayo imfanyayo mnyama awalishe, awasafishe na kuwahami wanawe pasipo kufundishwa na yeyote. Na makao yake makuu ni sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, haipothalamasi, ambayo hiyo hiyo husimamia njaa, kiu, ujoto wa mwili na ghadhabu. Kwamba ghadhabu ina mahali pake maalumu humo lilidhihirishwa na Walter Hess wa Zurich, aliyepenyeza nyaya nyembamba katika bongo za paka, na alipopitisha umeme hafifu, paka aliyetulia akapinda mgongo, akatoa makucha na kushambulia. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1949.

Ajabu iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni ya panya wa maabara. Dume asiyepata kupanda jike aghalabu huua vitoto akutanavyo navyo. Lakini dume yuyo huyo, majuma kama matatu baada ya kupanda, wakati ambapo wanawe wangekuwa wamezaliwa, huviokota kimoja kimoja kwa kinywa, akavirudisha kiotani, akavilamba na kuvifunika kwa mwili wake. Mwaka 2014 Catherine Dulac na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba kundi la seli za haipothalamasi zenye kemikali iitwayo galanini, lililomo katika dume na jike pia, likiamshwa kwa nuru ndani ya ubongo wa dume muuaji, humfanya aache kushambulia na aanze kulamba. Na seli hizo zikiharibiwa kwa mama, malezi yake hudhoofika sana. Ni kosa, basi, kumhesabu dume huyo kuwa ameumbwa bila huruma: huruma anayo, ila imezuiwa mpaka wakati wake.

Kwa kondoo, kizuizi huondolewa na uzazi wenyewe. Njia ya uzazi inapotanuka, habari hufika ubongoni na kumiminisha homoni ya oksitosini, na jike aliyekuwa akichukizwa na harufu ya maji ya uzazi sasa huyalamba kwa hamu. Na ndani ya muda wa kama saa mbili huishika harufu ya mwanawe, akampiga kichwa kila mwana-kondoo mwingine ajaye kunyonya. Wachungaji wa Uingereza, walioijua nguvu ya harufu hiyo kabla wataalamu hawajaieleza, humchuna mwana-kondoo aliyekufa na kumvika yatima ile ngozi, ili mama aliyefiwa amkubali.