Kolelo, Sultani na Mumiani: Mamlaka, Imani na Utambulisho wa Uluguru katika Vitabu vya Taaluma na Fasihi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi mamlaka, imani na utambulisho wa watu wa Milima ya Uluguru na nyanda zake za mashariki, kuanzia Mikese, vilivyoandikwa katika vitabu vya taaluma na katika fasihi. Uchunguzi unafuata maneno matatu: Kolelo, sultani na mumiani. Makala yanadai kwamba kila neno ni uwanja wa mvutano kati ya waliokuwa na uwezo wa kuandika na waliokuwa wakiandikwa. Yanaonyesha pia kwamba vitabu vya taaluma vimeeleza zaidi kazi ya imani katika siasa, ilhali riwaya na tamthilia zimeeleza zaidi hali ya mtu anayeishi ndani ya imani hiyo. Mtafiti anayetegemea aina moja tu ya maandishi hupoteza nusu ya historia.

1. Utangulizi

Mikese ni mji mdogo wa stesheni, kiasi cha kilomita 30 mashariki ya Morogoro. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907 ikipitia hapo. Majeshi ya Uingereza yalipoiteka Morogoro mwezi Agosti 1916, Mikese ikawa mahali pa kupakulia shehena za vita. Kutoka hapo mizigo ilielekezwa kusini, kupitia miteremko ya Uluguru hadi Duthumi na Mto Mgeta, sehemu kubwa ikiwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Kumbukumbu ya wapagazi wa vita hivyo imebaki katika jina la Kariakoo, Dar es Salaam, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao.

Kwa hiyo Mikese ni lango. Huko bara ya reli na barabara hukutana na mlima. Huko pia majina ya watu hayakai imara: Waluguru, Wakami, Wakutu, Wakwere na Wazaramo wameishi wakioana, wakihama na kubadilishana maneno. Carl Velten alichapisha maelezo ya Kikami mwaka 1900. Baadaye uainishaji wa Malcolm Guthrie ulizipa lugha hizi nambari: Kikwere G32, Kizaramo G33, Kiluguru G35, Kikami G36, Kikutu G37. Nambari hizo zimewafaa wanaisimu, lakini zimejenga pia picha ya makundi yaliyotenganishwa kwa mipaka. Jina lenyewe la Waluguru hufasiriwa kuwa watu wa mlimani. Lilitaja makazi kabla ya kutaja kabila. Mtu wa mlimani alijitambulisha kwanza kwa lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, ambao ndio uliompa shamba la kulima.

2. Kolelo: imani inapoingia katika vitabu

Kolelo ni jina la nguvu ya kiroho iliyoaminiwa kukaa katika pango la Milima ya Uluguru na kuonekana kwa umbo la nyoka. Wazaramo walisafiri kutoka nyanda za chini kwenda kuiomba mvua na rutuba. Jina hilo lingali katika ramani, katika kata ya Kolero. Miongoni mwa maelezo ya mapema yaliyoandikwa kwa kirefu ni yale ya Martin Klamroth, mmisionari wa Berlin aliyefanya kazi Uzaramo, yaliyochapishwa kuanzia mwaka 1910. Klamroth aliandika baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905–1907, na maelezo yake yana alama ya wakati huo: imani ya mvua na mavuno inasomwa pia kama imani iliyowahi kuagiza watu wasiitii serikali ya Wajerumani.

Usomaji huo ulipata nguvu mpya katika miaka ya 1960. John Iliffe, katika makala yake ya mwaka 1967 kuhusu mpangilio wa Maji Maji, na G. C. K. Gwassa, katika tasnifu yake ya mwaka 1973 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walimtazama Kolelo, pamoja na Bokero wa Rufiji, kama sehemu ya mtandao uliowezesha watu wa makabila mengi kuungana. Swali la kizazi hicho cha wanahistoria lilikuwa la taifa changa: watu wasiokuwa na mfalme mmoja waliunganaje? Jibu likawa imani. Dawa ya maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, ikaitwa itikadi.

Neno hilo, itikadi, lilitoa heshima na likaondoa kitu. Liliwatoa wapiganaji katika kundi la washirikina walikowekwa na waandishi wa kikoloni. Hata hivyo, liliifanya imani kuwa chombo, na chombo hupimwa kwa kazi kilichoifanya. Mwanamke aliyepanda kwenda Kolelo kwa sababu mtama wake umekauka hana nafasi katika maelezo hayo, kwa kuwa safari yake haikuelekea vitani. Watafiti wa baadaye, wakiwamo waandishi wa mkusanyo uliohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010, wameanza kuurudisha ukoo, chakula na ugomvi wa kimahali katika historia ya vita hivyo.

Fasihi ilichukua njia nyingine. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile (1969), alitahadharisha kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu, si nakala ya mtu wa historia. Tahadhari hiyo ilimpa nafasi ya kuuliza ambacho wanahistoria hawakukiuliza: nini humpata mtu ambaye neno lake limeshakuwa kubwa kuliko yeye? Kinjeketile wa jukwaani anapagawa na mzimu Hongo. Akizinduka anagundua kwamba ahadi iliyotolewa kwa kinywa chake inawafanya watu kuwa watoto wa Seyyid Said. Anaona kwamba kumwondoa Mjerumani kwa ahadi hiyo ni kubadilisha bwana. Hapo mamlaka, imani na utambulisho vinakutana katika sentensi moja, na mhusika hawezi kuvitenganisha. Mwishoni hakubali kutangaza kwamba maji yalikuwa uongo, ingawa yeye mwenyewe ana shaka. Hakuna hati ya mahakama inayoweza kuhifadhi shaka ya namna hiyo.

Riwaya ya M. G. Vassanji, The Magic of Saida (2012), inarudi katika vita hivyo kutoka upande wa Kilwa na kumweka mshairi katikati ya shutuma za kushirikiana na watawala. Suala lake si geni katika Kiswahili. Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini ulitungwa pwani, na mtazamo wake kwa wapiganaji wa bara si wa mtu wa upande wao. Hivyo lugha iliyotumika kuyahifadhi Maji Maji ilikuwa tayari ina daraja zake za mwungwana na mshenzi.

3. Sultani: neno linalotengeneza mtawala

Wajerumani walitawala nyanda hizi kwa maakida na majumbe. Waingereza, hasa chini ya Gavana Donald Cameron kuanzia mwaka 1925, walitaka watawala wa jadi. Uluguru iliwapa shida. Ardhi ilikuwa mikononi mwa koo nyingi, kila moja ikiwa na mndewa wake. Kingalu wa Kinole alikuwa na sifa ya kuleta mvua, na jina lake lilirithiwa: anayekalia kiti huwa Kingalu. Sifa hiyo haikuwa na maana kwamba alimiliki mlima mzima. Serikali ikamwita sultani, ikamweka mwingine upande wa magharibi, na baadaye ikaunganisha mlima chini ya sultani mmoja.

Peter Pels, katika makala yake ya mwaka 1996, ameufananisha mchakato huu na kuzaliwa kwa lugha ya pijini: maofisa na wenyeji walipata msamiati mchache wa kuelewana, lakini kila upande uliyajaza maneno yale maana yake. Hoja hiyo inastahili kupelekwa mbele na wanaisimu wa Kiswahili. Neno sultani lilitoka Kiarabu, likapata uzito wake Zanzibar, kisha likapandishwa Uluguru na Waingereza likiwa katika mavazi ya Kiswahili. Halikutafsiri mndewa. Lilimfunika. Kiswahili hapa hakikuwa kioo cha siasa. Kilikuwa sehemu ya utendaji wake, kwa kuwa kodi, barua na mashauri ya baraza vilipita ndani yake.

Gharama ilionekana katika mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ulioanza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko, na kuchoma mashamba kukazuiwa. Amri zilipitia kwa sultani na wasaidizi wake. Mwezi Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga. Polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mwaka huohuo mpango ukaachwa. Roland Young na Henry Fosbrooke waliuchambua mgogoro huo katika kitabu chao cha mwaka 1960, wakionyesha kwamba ukinzani haukuwa wa kilimo tu: mtu aliyeamrisha juu ya ardhi hakuwa yule ambaye ukoo ulimtambua kuwa na haki hiyo. Mwaka 1963 serikali huru ilifuta utawala wa machifu.

Riwaya ya Kiswahili haikuandika matuta ya Uluguru, lakini iliandika mzizi wake. Gamba la Nyoka (1979) ya Euphrase Kezilahabi, iliyojengwa juu ya mazingira ya Ukerewe, na Njozi Iliyopotea (1980) ya C. G. Mung'ong'o zinaonyesha vijiji vya ujamaa vikifika kwa wanakijiji kama amri. Ukiziweka kando ya Young na Fosbrooke, unaona mwendelezo ambao mgawanyo wa kawaida wa enzi ya ukoloni na enzi ya uhuru huuficha: mtaalamu anajua, kiongozi anaamrisha, mkulima anaitwa mkaidi. Kezilahabi anamwonyesha mkulima huyo kuwa ni mtu mwenye sababu. Suala hili halijaisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekabidhi usimamizi wa ardhi ya kijiji kwa halmashauri ya kijiji huku ikitambua haki za kimila. Madai ya lukolo hukutana na mamlaka hiyo kila shamba linaporithishwa.

4. Mumiani: imani juu ya mamlaka

Neno la tatu linageuza mwelekeo. Katika Kolelo, mamlaka yaliitazama imani; katika mumiani, imani inayatazama mamlaka. Kamusi Sanifu ya mwaka 1939, iliyohaririwa na Frederick Johnson, inakieleza kitu hiki kuwa dawa nyeusi kama gundi inayosemekana kutoka Uajemi. Kisha inaongeza kwamba wenyeji wengi huamini ni damu ya watu waliouawa, na kwamba uvumi wake huwafanya watu wasitoke nyumbani baada ya jua kuchwa. Ni nadra kamusi kusimulia hofu. Mhariri amegawa kidahizo sehemu mbili: kitu kilivyo, na wenyeji wanavyodhani. Mgawanyo huo wenyewe ni tendo la mamlaka.

Pels alichunguza mwaka 1992 jinsi uvumi wa mumiani ulivyosafiri hadi kufika Uluguru, na Luise White, katika Speaking with Vampires (2000), alionyesha kwamba visa vya namna hii katika Afrika Mashariki vinaweza kusomwa kama chanzo cha historia: vinaeleza jinsi watu walivyouona utawala uliochukua kazi, kodi na miili yao. Katika A Politics of Presence (1999), Pels anaongeza hoja kuhusu misheni ya Matombo, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1897. Kwake, mawasiliano ya mapadre na Waluguru yalikuwa ya mwili na vitu kabla ya kuwa ya mafundisho: shule ilishindana na unyago juu ya nani atamkuza kijana, na zahanati ilishindana na mganga juu ya nani atamgusa mgonjwa. Utambulisho mpya wa Mkristo haukufuta ule wa ukoo. Uliwekwa juu yake.

Riwaya zimeingia katika eneo hilohilo. Mirathi ya Hatari (1977) ya Mung'ong'o inamfuata kijana anayerithishwa uchawi na baba yake. Uchawi humo una uzito wa mali, wajibu na woga, na msomaji hapewi kidahizo cha kumtuliza. Katika Afterlives (2020), Abdulrazak Gurnah anamweka askari Hamza chini ya ofisa Mjerumani, kisha katika misheni inayomtibu. Ukarimu na utawala vinakuja kwa mkono mmoja, jambo ambalo Pels analieleza kwa hoja na Gurnah kwa mtu. Riwaya yake ya mwaka 1994, Paradise, imepata tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis, Peponi (2022). Tafsiri hiyo imeyarudisha maneno ya daraja, kama mshenzi, katika lugha yaliyozaliwa. Msomaji wa Mikese anayesoma Peponi hasomi neno la kigeni lililoelezwa. Anasoma neno ambalo huenda babu zake waliitwa.

5. Hitimisho

Maneno matatu yaliyofuatwa hapa yanaonyesha kwamba historia ya Uluguru imepita katika Kiswahili kwa njia tatu: lugha ilipokea jina la mlimani na kulipeleka katika siasa ya taifa, ilileta mlimani cheo ambacho hakikuwapo, na ilihifadhi hofu ambayo watawala waliikejeli. Vitabu vya taaluma vimeeleza vizuri sababu na matokeo. Fasihi imehifadhi shaka, aibu na wajibu. Palipo na pengo ni katika mlima wenyewe: Kolelo amekuwa maarufu kwa ajili ya vita vya Rufiji na Umatumbi, ilhali Waluguru na Wakami hawajapata riwaya ya Kiswahili iliyo mashuhuri kama Kinjeketile ilivyo katika tamthilia.

Pengo hilo lina uzito kwa sababu muda unapungua. Kazi ya Daniel Mkude kuhusu sintaksia ya Kiluguru (1974) na tafiti za Malin Petzell kuhusu lugha za Morogoro, Kikami kikiwamo, zimehifadhi sarufi, na hizo za Petzell zimeonyesha nguvu ya Kiswahili juu ya lugha hizo. Sarufi pekee haitaeleza mndewa alimaanisha nini kwa mwenye shamba, wala mwombaji wa mvua alisema nini alipofika pangoni. Wazee wanaoyajua hayo wangali wakizungumza lugha mbili. Wajukuu wengi wa mabondeni wanazungumza moja.