ANC: Miaka 114 na Mtihani wa Kata

African National Congress (ANC), chama tawala kikongwe cha Afrika Kusini, kilizaliwa Januari 8, 1912 katika kanisa la Kimethodisti mtaani Waaihoek, mjini Bloemfontein. Aliyeitisha mkutano ule alikuwa wakili kijana, Pixley ka Isaka Seme. Waliohudhuria walikuwa machifu, wachungaji, walimu na waandishi wa magazeti. Mwalimu John Dube, mwanzilishi wa gazeti la Ilanga lase Natal, alichaguliwa kuwa rais, na Sol Plaatje akawa katibu. Jina la kwanza lilikuwa South African Native National Congress. Jina la sasa lilianza kutumika mwaka 1923.

Mkutano huo ulikuwa jibu kwa Muungano wa Afrika Kusini wa mwaka 1910, ambamo Waingereza na makaburu waligawana madaraka na kuwaacha Waafrika nje. Mwaka 1913 ikapitishwa Sheria ya Ardhi iliyowabana Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote, katika takriban asilimia 7 ya nchi. Mwaka 1914 chama kilituma ujumbe London kulalamika, nao ukarudi mikono mitupu. Kwa miaka mingi iliyofuata kiliendelea kuandika barua za maombi, na katika miaka ya 1930 kilikaribia kufa.

Kujijenga upya kwa mara ya kwanza

Uhai ulirudi mwaka 1940, Dkt. A. B. Xuma aliposhika urais. Alipanga hesabu na kufufua matawi. Katiba ya mwaka 1943 iliondoa baraza la machifu na kuwapa wanawake uanachama kamili. Mwaka uliofuata vijana waliochoshwa na lugha ya upole, wakiwamo Anton Lembede, Oliver Tambo, Walter Sisulu na Nelson Mandela, waliunda Umoja wa Vijana. Mwaka 1949 vijana hao walimwangusha Xuma mwenyewe, wakapitisha mpango wa migomo, ususiaji na ukaidi wa amri za kibaguzi, na Sisulu akawa katibu mkuu.

Matunda yalionekana haraka. Kampeni ya Ukaidi ya mwaka 1952 ilijaza magereza kwa watu waliovunja sheria za ubaguzi kwa makusudi, na wanachama wakafikia takriban 100,000. Juni 26, 1955 Hati ya Uhuru ilipitishwa katika uwanja wa wazi wa Kliptown. Agosti 9, 1956 wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi makao ya serikali mjini Pretoria kupinga vitambulisho vya kupitia. Mwaka 1959 baadhi ya wanachama walijitenga chini ya Robert Sobukwe na kuanzisha chama cha PAC. Machi 21, 1960 polisi waliua watu 69 huko Sharpeville, na mwezi uliofuata vyama vyote viwili vikapigwa marufuku.

Morogoro, 1969

Desemba 16, 1961 jeshi la Umkhonto we Sizwe lilianza mashambulizi ya hujuma. Juni 1964, baada ya kesi ya Rivonia, Mandela, Sisulu na wenzao sita walihukumiwa kifungo cha maisha. Uongozi wa nje ukabaki mikononi mwa Tambo, na kwa miaka kadhaa Tanzania ikawa nyumba ya pili ya chama. Dar es Salaam palikuwa na ofisi, na Kongwa, mkoani Dodoma, palikuwa na kambi ya wapiganaji kuanzia mwaka 1964.

Mwaka 1967 wapiganaji wa Umkhonto, pamoja na wenzao wa ZAPU, chama cha ukombozi cha Rhodesia, waliingia nchi hiyo kutoka Zambia kupitia Wankie wakitafuta njia ya kufika nyumbani. Kampeni ilishindwa. Baadhi yao, akiwamo Chris Hani, walikimbilia Botswana na kufungwa huko. Waliporejea Zambia hawakumkuta kiongozi aliyetaka kusikia kilichowapata. Hani na wenzake sita wakaandika waraka mkali: viongozi wamekuwa watu wa ofisi, magari na safari, wameisahau nchi waliyoikimbia. Waandishi wa waraka waliadhibiwa kwanza, lakini hoja zao hazikuweza kufukiwa.

Kwa sababu hiyo uliitishwa mkutano wa mashauriano Morogoro, kuanzia Aprili 25 hadi Mei 1, 1969. Tambo alijiuzulu mbele ya wajumbe, nao wakamrudisha kwa imani yao. Halmashauri Kuu ilipunguzwa, likaundwa Baraza la Mapinduzi la kusimamia vita, na milango ya uanachama ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Nafasi za Halmashauri Kuu zilifunguliwa kwa wote baadaye, katika mkutano wa Kabwe, Zambia, mwaka 1985. Hani na wenzake walirudishwa kundini. Katika historia ya chama hiki, Morogoro ndipo mahali ambapo wakubwa walikaa chini wakasomewa makosa yao na watu wa chini, na mfumo ukabadilishwa kutokana na hilo.

Mkoa huohuo uliipa ANC pia shule. Baada ya maasi ya Soweto ya mwaka 1976, maelfu ya wanafunzi walikimbia nchi. Serikali ya Tanzania ilitoa eneo la Mazimbu, lililokuwa shamba la mkonge, na hapo kikajengwa chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana mpiganaji aliyenyongwa Aprili 6, 1979. Chuo hicho, kwa kifupi Somafco, kilikuwa na shule ya watoto wadogo, msingi na sekondari, hospitali, mashamba na karakana. Mwaka 1992 kilikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Kutoka chama cha msituni hadi chama tawala

Marufuku iliondolewa Februari 2, 1990, na Mandela akatoka gerezani siku tisa baadaye. Aprili 27, 1994 ANC ilipata asilimia 62.6 ya kura na Mandela akawa rais wa nchi. Kilele kilikuwa mwaka 2004, chini ya Thabo Mbeki, ambapo chama kilivuka asilimia 69.

Kazi kubwa isiyosimuliwa sana ilikuwa ya serikali za mitaa. Chini ya ubaguzi, mji wa wazungu ulikuwa na bajeti, lami na mabomba yake, na kitongoji cha Waafrika kando yake kikabaki bila chochote. Mamlaka hizo zilizotengana ziliunganishwa hatua kwa hatua: kutoka zaidi ya 800 za kipindi cha mpito hadi 284 katika uchaguzi wa mwaka 2000, na 257 tangu mwaka 2016. Nane kati yake ni majiji makubwa. Maji, taka, barabara za mitaa na usambazaji wa umeme ni kazi za halmashauri hizo, hivyo mwananchi anapokosa maji humtazama diwani kwanza kabla ya rais.

Hapo ndipo chama kilipoanza kuvuja. Sera ya kupanga makada katika vyeo vya umma, iliyokusudiwa kuwaondoa watumishi wa utawala wa makaburu, iligeuka mlango wa kupeana kazi na zabuni. Tawi lenye wanachama 100 lina haki ya kupeleka wajumbe mkutanoni, na ada ya kadi ni ndogo. Mwenye fedha aliweza kuwalipia watu kadi kwa mafungu, akajaza tawi, na tawi likamchagua yeye au mtu wake. Nyaraka za chama chenyewe zimeulalamikia mchezo huo mara nyingi. Udiwani ukawa ngazi ya kufikia zabuni, na katika KwaZulu-Natal ugombeaji wa nafasi hizo umeambatana na mauaji ya kisiasa.

Mwaka 2007, mkutano mkuu wa Polokwane ulimwondoa Mbeki na kumweka Jacob Zuma. Miaka ya Zuma ilimalizika kwa Tume ya Zondo, iliyoeleza kwa kirefu jinsi mashirika ya umma yalivyotekwa na watu binafsi, na ikakilaumu chama kwa kulifumbia macho jambo hilo.

Maazimio ya kujisafisha

Mkutano wa Mangaung wa mwaka 2012 ulitangaza muongo wa makada, yaani miaka 10 ya kuwafunza na kuwachuja wanachama, na ukaamua kuwe na Tume ya Maadili. Mkutano wa Nasrec wa mwaka 2017, uliompa Cyril Ramaphosa ushindi mwembamba wa kura 2,440 dhidi ya 2,261 za Nkosazana Dlamini-Zuma, uliazimia kwamba aliyeshtakiwa mahakamani kwa rushwa akae pembeni. Kanuni za utekelezaji zilipatikana mwaka 2021 tu. Mei ya mwaka huo Katibu Mkuu, Ace Magashule, alisimamishwa baada ya kukataa kukaa pembeni, na mwaka 2023 akafukuzwa uanachama. Zuma naye alifukuzwa mwaka 2024 kwa kukipigia kampeni chama kipya cha MK.

Upande wa mafunzo, kuna Shule ya Uongozi ya O. R. Tambo. Ipo pia Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere iliyofunguliwa Kibaha mwaka 2022, inayomilikiwa kwa pamoja na ANC, CCM, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF. Vyama hivi sita vinakabiliwa na swali moja: kijana aliyezaliwa baada ya uhuru hapigi kura kwa shukrani. CCM ilijaribu kulijibu mwaka 2011 kwa kaulimbiu ya kujivua gamba.

Wakati maazimio yakiongezeka, wanachama walipungua. Mwaka 2012 ANC ilihesabu zaidi ya milioni 1.2, mwaka 2022 walikuwa takriban 661,000.

Kura za mitaa

Uchaguzi wa mitaa hufanyika kila baada ya miaka mitano. Nusu ya madiwani huchaguliwa kwa kata na nusu hupatikana kwa uwiano wa kura za vyama. Mwaka 2016 ANC ilishuka hadi karibu asilimia 54 na kuziacha Johannesburg, Tshwane na Nelson Mandela Bay mikononi mwa upinzani. Mwaka 2021 mambo yaliharibika hata kabla ya kura: chama kilishindwa kuwasilisha kwa wakati orodha za wagombea katika halmashauri 93. Kiliokolewa na kusogezwa kwa uchaguzi hadi Novemba 1, pale tume ya uchaguzi ilipofungua upya usajili wa wagombea. Kilipata chini ya nusu ya kura kwa mara ya kwanza. Wengi wa waliokiacha hawakuhamia kwingine, kwani waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 46 tu ya walioandikishwa.

Johannesburg inaonyesha kilichofuata. Kati ya Novemba 2021 na Agosti 2024 kiti cha meya kilikaliwa na Mpho Phalatse wa chama cha upinzani cha Democratic Alliance (DA), Thapelo Amad na Kabelo Gwamanda wa chama kidogo cha Al Jama-ah, na hatimaye Dada Morero wa ANC. Kila muungano ulipovunjika, mipango ya jiji ilianza upya, huku mabomba yakipasuka na mitaa ikikaa siku kadhaa bila maji.

Mei 2024 pigo lilifika kitaifa: asilimia 40.2 na viti 159 kati ya 400. Katika KwaZulu-Natal ANC iliambulia asilimia 17, na MK ikachukua 45. Ramaphosa akalazimika kuunda serikali ya pamoja na DA na vyama vingine.

Kuanzia hapo kujijenga upya kukawa suala la kufa na kupona. Mwaka 2025 ulitangazwa kuwa mwaka wa kujijenga upya. Uongozi wa KwaZulu-Natal na Gauteng ulisukwa upya kwa kuongezewa watu kutoka nje ya kamati zilizochaguliwa. Septemba 15, 2025 madiwani wa chama kutoka nchi nzima waliitwa katika Uwanja wa FNB, Johannesburg. Ramaphosa aliwaambia wakajifunze kwa halmashauri zinazofanya vizuri, zikiwamo za DA, na baadhi ya wanachama hawakuipenda kauli hiyo. Mwaka 2026 nao ukapewa kaulimbiu ya hatua madhubuti za kurekebisha serikali za mitaa.

Uchaguzi unaofuata umepangwa na sheria kuwa kati ya Novemba 2026 na Januari 2027, na hali si nyepesi. Chama cha Kikomunisti, mshirika tangu enzi za msituni, kiliamua Desemba 2024 kusimamisha wagombea wake. Madeni ya halmashauri kwa shirika la umeme la Eskom yamepita randi bilioni 100, na kwa mwaka wa fedha 2023/24 Mkaguzi Mkuu alizipa hati safi halmashauri 41 tu kati ya 257.

Mabadiliko yaliyokiokoa chama hiki mwaka 1949 na 1969 yalihusu nani anaingia, nani anaondoka na nani anamwajibisha nani, na yalisukumwa na watu wa chini. Ya sasa yametoka zaidi juu: kamati, kanuni na kaulimbiu. Tawi linalouzwa kwa kadi litaendelea kuzaa diwani wa kuuzwa, hata sera ya makao makuu iwe safi kiasi gani. ANC itakuwa imejijenga upya pale wakazi wa kata watakapoweza kumkataa mgombea mbovu kabla jina lake halijafika kwenye karatasi ya kura.