Mlango wa Chumba Kilichobomolewa

Mwaka 1978, Brian Kernighan na Dennis Ritchie walipochapisha kitabu chao cha lugha ya C, mwanafunzi aliyetaka kompyuta imtolee salamu aliandika mistari isiyofika kumi. Miaka kumi baadaye Charles Petzold akatoa kitabu cha Programming Windows. Humo salamu ya namna hiyo ilichukua makumi ya mistari, na wengi walikata tamaa mlangoni.

Kisa ni mageuzi yaliyoanza na Windows 1.0, Novemba 1985. Chini ya MS-DOS programu ilikuwa mwenye nyumba: ikitaka herufi, ilisubiri hadi mtu abonyeze kitufe. Windows iliigeuza mpangaji. Kitufe kikibonyezwa au kipanya kikisogezwa, ujumbe huingia kwenye foleni; programu huuchota kwa GetMessage na kuurudisha kwa DispatchMessage, kisha Windows yenyewe huiita sehemu ya programu inayohusika na dirisha lile. Aliyezoea kuita ilimbidi ajifunze kuitwa.

Windows 3.0 ilipoenea kuanzia 1990, njia za mkato zilifuata upesi. Visual Basic ya 1991 ilimwezesha mtu kuchora vitufe kwa kipanya. Maktaba ya MFC ikaja 1992, na jukwaa la .NET 2002. Kila moja iliufunika ule mzunguko wa ujumbe, lakini hakuna iliyouondoa.

Anayeshuka hadi chini leo hukutana na WinMain, mahali programu inapoanzia. Hupokea vitu vinne, na cha pili ni hPrevInstance. Enzi za biti 16 kiliijulisha programu kama nakala yake nyingine imeshafunguliwa, ili isisajili upya aina ya dirisha iliyokwisha kusajiliwa. Win32, yaani Windows ya biti 32, ilipokuja na Windows NT mwaka 1993, kila programu ilipewa eneo lake la kumbukumbu, na tangu hapo hPrevInstance huja tupu daima. Salio jingine ni jina la wParam, inayobeba taarifa za kila ujumbe: ilipewa W ya "word", yaani neno la biti 16. Ikapanuka hadi 32, kisha 64, herufi ikabaki.

Mabaki hayo hayakufutwa, kwa sababu programu nyingi zilikuwa zimeshaandikwa hivyo, na wenyewe walitaka kuzihamishia Win32 bila kuziandika upya. Kwa hiyo mwanafunzi wa leo huandika hPrevInstance, haitumii, na programu inakwenda. Akiuliza ni ya nini, ndipo anapoiona nyumba ya zamani.