Kanzu, kaki na kipara

Vijana waliosoma Kiungani, nje kidogo ya mji wa Unguja, mwishoni mwa karne ya 19, hawakwenda darasani na kaptula wala tai. Walivaa kanzu na kofia. Shule ilikuwa ya wamisionari Waanglikana wa UMCA, wanafunzi wake wa mwanzo wengi wao walikuwa watoto waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, na kazi waliyoandaliwa ilikuwa ualimu na ukasisi. Mtu angedhani Waingereza wale wangewavisha suruali na koti siku ya kwanza. Hawakufanya hivyo, tena kwa makusudi. Maaskofu wa UMCA, hasa Charles Smythies, walishikilia kwamba Mwafrika akibatizwa asigeuzwe Mwingereza wa kuigiza. Basi kijana alisoma Injili kwa Kiswahili cha Askofu Edward Steere huku amevaa vazi lilelile la Mwislamu wa mtaa wa pili.

Nawakumbuka vijana hao kila ninaposikia mzazi au mwalimu akisema kwamba mwanafunzi wa sekondari amevaa hivi na kunyolewa hivi tangu shule zilipokuja. Si kweli. Kila aliyeshika shule zetu, awe askofu, gavana au chama, aliamua anataka mtu wa namna gani, kisha akamvisha. Nguo zimebadilika mara nyingi, na karibu kila badiliko lilikuwa na sababu iliyotajwa waziwazi. Kichwa cha mwanafunzi hakikupewa heshima hiyo.

Kaki ilikuja na serikali. Kitambaa hicho kilianza kuvaliwa na wanajeshi wa Kiingereza kule India katikati ya karne ya 19, na kilipotufikia kilikuwa tayari nguo ya askari wa KAR, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki, na tarishi wa bomani. Katika miaka ya 1920 Waingereza walipofungua shule ya Tabora kwa ajili ya watoto wa machifu, waliiga shule za bweni za kwao, na viranja, mabweni yanayoshindana, gwaride na yote. Shule nyingi za wavulana zilikuwa na kaptula ya kaki, na viatu mara nyingi havikuwa sehemu ya sare. Vijana walioota ndevu walisimama mstarini na kaptula, miguu mitupu. Suruali ndefu ilikuwa nguo ya mwalimu na karani. Kwa upande mwingine, Carey Francis, mwanahisabati kutoka Cambridge aliyeongoza Alliance High School pale Kikuyu kuanzia 1940 hadi 1962, alijulikana kwa kuvaa kaptula yeye mwenyewe. Ila yeye alichagua kuivaa.

Hata huko Uingereza sare ilianza kama alama ya hisani. Shule ya Christ's Hospital ilianzishwa London mwaka 1552 kwa ajili ya watoto wa maskini na yatima, na nguo yao ikawa koti refu la buluu na soksi za njano, ambazo wanafunzi wake wanazivaa mpaka leo. Aliyewaona barabarani alijua papo hapo kwamba hawa wanalishwa na mfuko wa wengine. Baadaye shule za matajiri nazo zikajitengenezea sare, aibu ikageuka fahari. Kwetu fahari ilishika mapema kwa sababu waliofika sekondari walikuwa wachache mno. Shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa kijijini lilisema kwamba ukoo huu una mtu anayesoma, na mama aliyelifua hakuhitaji kuambiwa thamani yake.

Tuje kichwani. Sababu ya kwanza ya kunyoa ilikuwa afya, nami siipuuzi. Mabweni yalijaa, maji yalichotwa mbali, chawa na mapunye vilihama kutoka mto wa huyu kwenda wa yule. Wembe ulikuwa dawa ya bei nafuu. Lakini tukumbuke kwamba shule za wakati huo ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu peke yao, za Waasia peke yao, za Waafrika peke yao. Msichana wa Kizungu katika shule yake ya bweni Nairobi alifunga nywele zake nyuma, na mambo yakaisha. Chawa hachagui rangi, lakini wembe ulichagua. Uhuru ulipokuja, ukuta wa rangi ulibomolewa kisheria, na watoto wakaanza kukaa dawati moja. Sheria ya kunyoa ikavuka nao bila kuulizwa inakwenda wapi. Mpaka leo, katika shule nyingi za Kenya na Tanzania, binti mwenye asili ya Kihindi au Kiarabu huachwa na nywele zake, azifunge tu vizuri, wakati jirani yake wa dawati lazima abaki na upara. Sijawahi kusikia maelezo ya jambo hilo yanayoridhisha.

Baada ya uhuru, nguo za vijana zikawa hoja ya taifa. Oktoba 1966 wanafunzi karibu 400, wengi wao wa Chuo Kikuu, waliandamana hadi Ikulu Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wamevaa majoho yao mekundu ya chuo. Mwalimu Nyerere aliwafukuza masomoni. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua zingekuwa marufuku. Hata tarehe haijafika, makundi ya vijana Kariakoo yalikuwa yanawavamia wanawake kwenye vituo vya basi, na polisi walilazimika kuingilia. Wakubwa wa Dar es Salaam na Unguja bado husimulia habari ya chupa ya soda: kijana alisimamishwa, chupa ikatumbukizwa kwenye mguu wa suruali, ikikwama amekwisha.

Mabishano ya wakati ule ni mazuri kuyarudia kwa sababu watu walidai hoja. Wasomaji wengi waliandika magazetini, wanawake wakiwemo, kuuliza kwa nini utamaduni wa taifa upimwe kwa mapaja ya msichana. Wengine walionyesha kwamba miaka hiyohiyo serikali ilikuwa inawashinikiza Wamasai waache lubega wavae suruali, ilhali mjini vijana walikamatwa kwa kuiga Wazungu. Swali hilo halikupata jibu zuri, lakini angalau liliulizwa hadharani.

Ndani ya shule hakuna aliyeuliza. Miaka ya 1970 ilileta suruali za pekosi, viatu vya raizoni na nywele za afro; mwanafunzi aliyezipenda alizivaa likizo, akarudi bwenini na kipara. Baadaye zikaja modo na mlegezo, kisha panki na kiduku. Mtindo hubadilika, mwalimu wa zamu habadiliki. Aliyepita sekondari anaujua ukaguzi wa Jumatatu: mikono mbele, kucha juu, soksi zionekane. Mwalimu anapitisha vidole kichwani. Nywele zikichomoza kati ya vidole, zimezidi. Hapo mkasi hutoka mfukoni, na badala ya kumnyoa mtoto, mwalimu humkata njia moja katikati ya kichwa, kutoka utosini hadi kwenye paji, kisha humwacha asome hivyo siku nzima hadi apate wa kumalizia. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na nasema wazi kwamba kitendo kile hakina uhusiano wowote na chawa. Msichana naye, palipo na ruhusa ya kusuka, huambiwa mtindo ni mmoja, twende kilioni, na mstari ukipinda anafumuliwa.

Sisemi haya kwa kuichukia sare. Naitetea. Darasa la watoto 60 ambamo mtoto wa mbunge na wa muuza mchicha wamevaa shati moja ni kitu cha kulinda. Hata hivyo shati hilo linanunuliwa. Kenya ilifuta ada ya msingi mwaka 2003, Tanzania ikafuta hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na kote sare ilibaki mzigo wa mzazi. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya kuanzia 2003 ulionyesha kwamba wasichana waliopewa sare bure waliacha shule kwa uchache zaidi na waliopata mimba mapema walipungua. Shule inayomtuma mzazi kwenye duka moja tu, akanunue sweta lenye nembo kwa bei ya duka hilo, inaigeuza kinyume ile hoja ya usawa.

Hatimaye swali la sababu liliingia mahakamani, kwa mfano Kenya, baada ya Katiba ya 2010 kuandika katika kifungu cha 32 kwamba mtu asinyimwe nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake. Mwaka 2012 ombi la kuruhusu hijabu katika Kenya High School lilikataliwa na Mahakama Kuu. Kisha Juni 2014, huko Isiolo, naibu gavana aliomba wasichana Waislamu wa shule ya kutwa ya St. Paul's Kiwanjani waruhusiwe kuongeza hijabu na suruali nyeupe kwenye sare yao. Kanisa la Methodisti, mfadhili wa shule, likaenda mahakamani kupinga. Machi 2015 Mahakama Kuu ililipa kanisa haki. Mzazi mmoja, Mohamed Fugicha, aliyekuwa na mabinti watatu pale, akakata rufaa, na Septemba 2016 majaji wa Rufani wakageuza hukumu. Walisema kuwatendea sawa watu wenye mahitaji tofauti kunaweza kuwa ndiyo ubaguzi wenyewe. Januari 2019 Mahakama ya Juu nayo ikaitengua hukumu hiyo. Wengi walidhani hijabu imepigwa marufuku. Kilichoamuliwa ni kwamba mzazi aliingiza dai lake kwa njia isiyo sahihi kisheria, na mlango wa kufungua kesi upya ukaachwa wazi. Jaji Jackton Ojwang hakukubaliana na wenzake. Miaka minne ya mabinti wale sekondari ilikwisha kesi ikiwa haijajibu swali lao.

Mwezi huohuo wa Januari 2019, msichana wa kidato cha kwanza alirudishwa nyumbani kutoka Olympic High School, Kibera, kwa sababu ya rasta alizozifunika kwa kilemba. Septemba 13 Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba Urastafari ni dini kama dini nyingine, na nywele zile ni sehemu ya dini hiyo, mtoto asome. Mei 2023 Mahakama Kuu ya Malawi ilitamka vivyo hivyo kwa watoto wa Marasta nchini humo, baada ya familia zao kupigana kwa miaka.

Nazipokea hukumu hizo kwa furaha, lakini nazisoma kwa makini. Zimelinda imani. Nywele zenyewe hazijalindwa. Binti anayekaa dawati la nyuma ya yule wa Kibera, asiye Rasta, mwenye nywele safi alizosukwa na shangazi yake Jumapili, hana kifungu cha kushika. Shule inaweza kumnyoa kesho asubuhi bila kutaja sababu, na hakuna jaji aliyekwisha kuiambia itaje.